Hata Uasin Gishu iliwahi kuahidiwa

Kuna makala ambayo mwandishi wake anauita mgogoro wa Israeli na Wapalestina ugomvi wa dini wa maelfu ya miaka, kisha Marekani na Uingereza anawaweka pembeni kama wasuluhishi. Hapo nimekataa. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, wahamie nyanda za Uasin Gishu, huku kwetu Kenya. Walitumwa watu kuja kukagua, na mwaka 1905 kongamano lao likakataa. Wanandi na Wamaasai nani aliwauliza?

Novemba 1917 Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, naye akaandika barua fupi, hata ukurasa haijazi, kuahidi makao ya Wayahudi Palestina, na wakati huo Yerusalemu bado iko kwa Waturuki! Waarabu, waliokuwa takriban tisa katika kila watu kumi pale, hawatajwi kwa jina katika barua hiyo. Wanaitwa "jamii zisizo za Kiyahudi". Yaani mwenye nyumba anaandikwa kama mpangaji.

Sasa njoo kwenye siku zetu hizi. Mkataba wa Marekani wa 2016 unaipa Israeli msaada wa kijeshi wa dola bilioni 38 kwa miaka 10, na mtoaji ndiye huyo huyo mwenye kura ya turufu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Refa anainunulia timu moja viatu. Iran nayo siisafishi, fedha na silaha zake kwa Hamas, kundi la Kipalestina lenye silaha, si siri. Wala sihalalishi Oktoba 7, 2023, Hamas walipoishambulia Israeli: siku ile waliuawa hata vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo, na mwili wa mmoja ulirudishwa 2025.