Kabla hujalaumu mtandao, soma nfsiostat

Mwisho wa mwezi mmoja, katika ofisi niliyokuwa nikitunza seva zake, mhasibu alinipigia simu saa tatu asubuhi. "Kaka, ripoti hazitoki. Nimekaa hapa tangu saa mbili." Nikaingia kwenye seva, nikaandika uptime, amri inayoonyesha mzigo, yaani kazi ngapi mashine inazo mkononi. Mzigo ulikuwa umepita 40, na mashine ina prosesa 8 tu. Nikafungua top, inayoonyesha shughuli za prosesa: prosesa zote zimekaa bila kazi. Nikaandika iostat, inayoonyesha shughuli za diski: diski imetulia kama maji mtungini. Saa nzima ikapita nikirudiarudia amri hizo hizo, wakati huo mkuu wa idara keshasema, "Si mnaona, ni mtandao huo!"

Mafaili ya zile ripoti hayakuwa kwenye seva niliyokuwa naitazama. Yalikaa kwenye seva nyingine ya kuhifadhia, na folda yake ilikuwa imeunganishwa kwetu kwa NFS (Network File System), njia ya kutumia mafaili ya mashine nyingine kupitia mtandao. Hapo ndipo iostat inapoishiwa la kusema. Yenyewe huhesabu kazi za diski zilizomo ndani ya mashine, lakini kusoma na kuandika kwa NFS hakupiti kwenye diski yoyote ya ndani. Kerneli, kiini cha mfumo wa mashine, hulituma ombi moja kwa moja mtandaoni. Ule mzigo wa 40 nao una maelezo yake: Linux huhesabu hata programu ambazo hazifanyi kitu ila zinangoja jibu, zile ambazo ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, huziwekea herufi D. Kwa hiyo mzigo ukiwa juu na prosesa zimelala, swali la kwanza liwe: hawa wote wanamngoja nani?

NFS ilitoka Sun Microsystems mwaka 1984, na nia ya walioibuni ilikuwa faili la mbali lionekane sawasawa na la hapa hapa. Walifanikiwa. Ndiyo sababu fundi husahau kwamba folda aliyomo iko chumba cha pili, au hata jengo la pili.

Msimamo wangu ni huu: mtu yeyote anayetunza mashine zenye NFS aijue nfsiostat, amri inayopima mwendo wa NFS, kama anavyoijua ls, ile ya kuorodhesha mafaili, na aisome kwenye mashine inayolalamika, kabla hajaomba swichi mpya ya mtandao wala diski mpya. Huhitaji kununua chochote. Kwenye Debian na Ubuntu inakuja ndani ya kifurushi cha nfs-common, na kwenye jamii ya Red Hat iko ndani ya nfs-utils. Unaandika nfsiostat 5 /data, nayo kila baada ya sekunde 5 inakuletea hali ya folda hiyo, kusoma peke yake na kuandika peke yake.

Ripoti ya kwanza itupe. Ile ni wastani tangu folda ilipounganishwa, pengine miezi minne iliyopita, na haisemi lolote kuhusu asubuhi ya leo. Nimeona watu wakiipiga picha ile ya kwanza na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kama ushahidi.

Safu zenye thamani kuliko zote ni mbili: avg RTT na avg exe, zote kwa milisekunde. RTT ni muda tangu ombi lilipotumwa hadi jibu liliporudi. Exe huanza kuhesabu mapema zaidi, tangu ombi lilipoingia kwa kerneli yako, kwa hiyo ndani yake kuna RTT pamoja na muda wa kupanga foleni hapa hapa kwako. RTT ikiwa 2 na exe ikawa 90, foleni iko nyumbani. Usimsumbue mwenye seva. Zote mbili zikiwa juu na zinakaribiana, tatizo liko njiani au kule linakotoka jibu. Hapo mimi hupiga ping, amri inayopima njia ya mtandao peke yake. Siku ile RTT ya kusoma ilikuwa imepita 80, exe iko karibu nayo, na ping inarudi chini ya milisekunde 1. Safu ya retrans, inayohesabu maombi yaliyolazimika kutumwa tena, ilikuwa sifuri. Njia ilikuwa safi. Aliyechelewa kujibu ni seva yenyewe.

Nikaingia huko, na huko sasa iostat ina kazi, kwa sababu diski ni zake. Zilikuwa zimeelemewa na bakapu iliyopangiwa usiku. Data ilikuwa imekua mwezi baada ya mwezi hadi kazi ya usiku ikawa inaingia asubuhi. Tukaigawa bakapu ile, ripoti zikatoka. Miezi mitatu tulikuwa tukimlaumu kijana wa mtandao, na barua ya kuomba swichi mpya ilikwisha kuandikwa. Nilimfuata nikamwomba radhi, na bado naona alistahili zaidi ya hapo.

Nfsiostat ina mipaka yake, na ni vizuri uijue. Inahesabu yale yaliyovuka mtandao tu. Kilichosomwa kutoka kwenye keshi, nakala zilizokwisha kuwekwa kwenye kumbukumbu ya mashine yako, hakimo. Kuandika nako hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha faili linapofungwa ndipo kerneli inasukuma kilichobaki. Ndiyo maana cp, amri ya kunakili, inaweza kukimbia vizuri halafu ikaganda mwishoni.

Kisha kuna ugonjwa ambao kusoma na kuandika hakuuonyeshi kabisa: tovuti yenye maelfu ya vifaili vidogo, ambapo kazi kubwa ni kuuliza tu "faili hili lipo? limebadilika?" Hapo tumia nfsstat -c, inayohesabu maombi kwa aina yake, uone GETATTR (kuuliza habari za faili) na LOOKUP (kulitafuta kwa jina) zilivyorundikana, READ (kusoma) ikiwa haba.

Jambo ambalo limeniuma muda mrefu ni kwamba nfsiostat haitaji jina la programu inayofanya fujo. Kwa hilo natumia nfsslower kutoka BCC, mkoba wa zana za kuchunguza kerneli ya Linux, ambayo hutaja programu na faili kila ombi linapozidi milisekunde 10. Inataka ruhusa ya root, mtumiaji mkuu wa mashine, na kwenye seva za zamani wakati mwingine haikubali kuwaka.

Siku hizi kila seva ninayoitunza ina nfsiostat inayoandika kwenye faili kila baada ya dakika 5, siku nzuri na siku mbaya. Kwenye ile ya ripoti, RTT ya kusoma siku ya kawaida hucheza kati ya 1 na 3. Ikigusa 20, naanza kuuliza kabla mhasibu hajashika simu.