Arudishe umeme wetu

Mie mtu mzima na mvi zangu, jana usiku nimetoa elfu tano kutazama nguzo. Nguzo ya zege, chini bluu juu krimu, katikati ina alama ya kiganja cha mtu aliyekula chipsi akakosa pa kujifutia. Ndo shoo yangu hiyo. Nyuma ya nguzo kulikuwa na mazingaombwe, nasikia yalinoga.

Chanzo ni mpwa wangu. Toka shule zifungwe yuko kwangu, anakula kwangu, na bando langu analila vilevile. Kutwa mazingaombwe. Majina ya wacheza mazingaombwe wa Marekani anayajua yote, muulize shangazi yake wa Pangani anaitwa nani anaanza kutazama dari. Juzi kanijia na simu, mjomba tazama huyu, anaitwa David Copperfield, mwaka 1983 kaipoteza Sanamu ya Uhuru ya New York nzima nzima, watu wamekaa pale wanatazama, pazia likapanda katikati ya minara miwili, likashuka, sanamu hakuna. Nikamwambia bwana mdogo, kupoteza kitu kikubwa si hoja, hapa Tanga tumepoteza viwanda mchana kweupe na pazia hatukuwekewa. Hakucheka. Akaendelea, eti wajuzi wanasema sanamu haikutoka hata hatua moja, jukwaa walilokalia wale watazamaji ndo lilizungushwa polepole wenyewe wasijijue. Hapo sasa nikaelewa, maana kuzungushwa umekaa naijua, hati ya kiwanja nimeifuatilia miaka mitatu.

Basi Alhamisi likapita gari la matangazo na spika zake, Profesa wa mazingaombwe yuko mjini, usiku mmoja tu, msihadithiwe. Mpwa akaanza, mabinti zangu wawili wakadakia, mama watoto akamalizia kwa ile sauti ya upole inayogharimu hela, baba watoto, hawa watoto toka Idd hawajatoka. Nikapiga hesabu, wakubwa wawili elfu kumi, watoto watatu elfu mbili mbili, hiyo kumi na sita, bajaji kwenda na kurudi, karanga bado, na luku nyumbani inasoma uniti tatu. Nikasema twendeni. Hapana zangu za mwezi huu nilishazimaliza kwenye godoro jipya.

Bajaji ya kwenda sitaki hata kuizungumzia.

Tiketi imeandikwa saa moja. Saa tatu kasoro ndo maiki inasema cheki, cheki. Joto la Ngamiani mwezi huu mnalijua wenyewe. Siti tulizozikuta ndo hizo, mama watoto na wanawe wakajibana upande wa kuona, baba mlipaji nikapewa nguzo. Mpwa akanifariji, mjomba usijali, hata Houdini, yule mcheza mazingaombwe wa zamani, alivyompoteza tembo mwaka 1918 pale Hippodrome ya New York, ukumbi wa watu zaidi ya elfu tano, waliokaa pembeni hawakuona ndani ya sanduku, walipiga makofi kwa sababu wenzao wa katikati wamepiga. Nikamuuliza, walirudishiwa hela? Hajui. Mambo ya maana hawayaweki kwenye hizo video.

Profesa katoka. Kwa maelezo ya mama watoto alivaa suti nyekundu na kofia ndefu, na ana msichana msaidizi mwenye gauni la kumetameta. Kaanza vizuri, kitambaa kikawa ua, pete ya mzee mmoja wa mbele ikapotea ikaja kukutwa ndani ya ndimu. Kazi safi kabisa. Makofi? Watu watatu. Na wala si roho mbaya, mikono yote ilikuwa imeshika simu, ukumbi mzima unarekodi, ndimu yenyewe wanaitazama kwenye kioo na ndimu iko mita nne mbele yao.

Nikamgusa kijana wa pembeni, dogo punguza mkono basi, nguzo inanitosha. Akanijibu kwa adabu, samahani mzee, kiini macho kinashika macho, simu hakiishiki. Sikuweza kumbishia maana na sie ndo tulivyolelewa. Enzi zetu shule ya msingi tulisimuliwa kuna bwana alileta mto mzima darasani, walimu wakapandisha nguo wasilowe, mtu aliyechelewa akachungulia dirishani akaona watu wazima na heshima zao wanarukaruka kwenye sakafu kavu. Shule yenyewe kila msimuliaji anataja yake. Basi huyu kijana anaona simu yake ndo yule wa dirishani. Hajui kwenye tivii kamera iko timu moja na Profesa! Yule David Blaine wa mwaka 1997, aliyekuwa akipaa mitaani, wanaoijua kazi wanasema wapita njia waliona visigino vimenyanyuka inchi chache tu, tena waliosimama upande mmoja, wakapiga ukelele, halafu kule kupaa juu kukarekodiwa kivyake, kukabandikwa pamoja na ukelele wa wale wale. Sasa Profesa wa watu kaja kwa basi na begi moja, ndo anashindanishwa na hayo.

"Paa!" kuna dogo nyuma huko. "Paa basi tuone!"

Profesa akasema kupaa hakumo kwenye ratiba. Akatoa njiwa. Mama mmoja akasema njiwa si hawa hawa wa Makorora. Na kulikuwa na jamaa mmoja kila kitu anasema hii nimeiona YouTube, mpaka Profesa alipokunywa maji.

Akaona hapa bila msumeno hatoki. Sanduku likaletwa, msichana akalala ndani, kichwa huku miguu kule, komeo tap. Mpwa akaninong'oneza historia mbio mbio, mwaka 1956 Mhindi mmoja P. C. Sorcar alimkata binti hivi hivi kwa msumeno wa umeme, mubashara BBC, mara kipindi kikaisha muda, mtangazaji akaaga watu, Waingereza wakajazana kwenye simu kuuliza yule binti kafa au hajafa. Nikainamia kushoto kwa nguzo, naona ncha ya msumeno, naona kiatu kimoja. Na ndo hapo umeme ukakatika.

Giza totoro. Spika kimya, feni kimya, sekunde mbili tatu hakuna anayehema. Halafu jamani yakapigwa makofi, makofi ya namna ile sijayasikia toka timu yetu ya mpira, Coastal Union, wachukue ubingwa wa ligi mwaka 1988. Watu juu ya viti, vigelegele, miluzi. Mie kwa sababu ya nguzo nilikuwa jirani na pale pazia linapoishia, nikamsikia Profesa na kijana wake wa mitambo. Jenereta? Lipo. Mafuta? Yangetosha kama tungeanza saa moja. Kimya. Halafu Profesa, njaa mbaya jamani, akajaza kifua akapaza sauti bila maiki:

"Mabibi na mabwana, NIMEZIMA!"

Laiti angeenda zake kulala.

Mtu katoka nje karudi mbio, barabara yote giza! Mwingine, mpaka Chuda! Mama mmoja akampigia dada yake Mikanjuni, dada, huko umeme upo? Haupo? Toka saa ngapi? Sasa hivi? Astaghafirullah! Yule jamaa wa YouTube kwa mara ya kwanza katulia. Mwenzetu Copperfield sanamu moja, wa kwetu kapoteza mji. Mpwa wangu furaha imemkaba hata kuongea hawezi.

Dakika tano. Dakika kumi. Kumi na tano. Mpwa akapata sauti, mjomba, sasa si anatakiwa arudishe? Ile sanamu ilirudishwa. Akasikika na jirani, jirani akasikika na safu ya mbele, mara ukumbi mzima, a-ru-di-she, a-ru-di-she, na miguu inapigwa chini.

Akasimama mama mmoja kwenye mwanga wa tochi, sauti ya mtu aliyechoka. Profesa mwanangu, mie nauza barafu, friji lenyewe la mkopo, wiki iliyopita ulivyozima barafu zote zilikuwa uji. Profesa akasema mama, wiki iliyopita mie sikuwepo Tanga. Ndo akaamka fundi wa kuchomelea mageti, jirani yangu kabisa, namjua mpole, kumbe ndo wewe! Kila siku saa nane mchana, geti la watu nusu limeungwa nusu bado, mwenye geti ananiita tapeli, kumbe ndo wewe! Kinyozi naye, nimemwacha bwana harusi upande mmoja kipara upande mmoja msitu! Mwingine tivii yake imeungua, anataka kujua alete risiti wapi.

Na msiwacheke, maana tuwe wakweli yakhe, miaka yote hii ukikatika umewahi kuona mtu kasimama kasema ni mimi? Unapiga simu unaambiwa taarifa yako imepokelewa, unasomewa namba ndefu kama ya akaunti ya benki, unakaa nayo gizani. Leo kapatikana mtu, ana suti nyekundu, ana kofia, kakiri mwenyewe mbele ya mashahidi ukumbi mzima. Nani angemwachia?

Katikati ya bunge hilo nikasikia ngo, ngo, ngo. Sanduku.

"Jamani nitoeni."

Watu wakacheka.

"Nitoeni, joto!"

Wakacheka zaidi, wengine makofi. Sasa mie kuna habari mpwa alinionyesha juzi juzi ikaninyima usingizi, ya Mwingereza mmoja Tommy Cooper, kazi yake kuchekesha kwa mazingaombwe yanayoharibika. Tarehe 15 Aprili 1984 yuko jukwaani London, mubashara kwenye tivii, akaporomoka chini, moyo ndo unasimama, na ukumbi unacheka, maana wamemzoea. Wanacheka mtu anakufa. Nikasikia tena ngo, ngo, safari hii dhaifu, wallahi sijui nini kilinipanda. Heshima yangu ya baba wa familia nikaiacha kwenye kiti nikasimama napiga kelele, nyie watu mna akili kweli? Mtoto wa mtu anakosa pumzi humo, nyie umeme umeme, kwani hamna dada nyie? Hamna dada?

Wakanipigia makofi.

"Huyo mzee kapangwa!" Nilimsikia kwa masikio yangu, yule yule wa YouTube. "Ila anaigiza vizuri."

Nikaizunguka nguzo, nikapanda jukwaani na tochi ya simu, Profesa anahangaika na komeo mikono inamtetemeka, suti imelowa, nikashika upande wa pili tukavuta, mfuniko ukatoka. Nikaona. Ukumbi mzima ule, mie niliyelipia nguzo ndo mtazamaji pekee niliyeona ndani ya sanduku. Binti jasho chapachapa, na ile miguu ya upande wa pili... basi, niishie hapo. Alinishika mkono akavuta pumzi kama mara tano, akasema ahsante kaka, naomba usiwaambie. Nikamwambia siwaambii.

Umeme ulirudi saa sita kasoro, ukumbini kabaki mlinzi na yule njiwa. Watu walishaondoka wananung'unika, mwisho haukueleweka. Bajaji ya kurudi alitaka elfu sita, eti giza. Nikamuuliza giza nimelileta mie? Akasema nasikia kuna mzee alipanda jukwaani. Tukafika, tukalala, alfajiri taa pyuu, luku imeisha. Hiyo nayo kazima nani.

Fundi mageti kanigongea saa moja asubuhi hii anataka namba ya Profesa. Nikadhani anataka kumshitaki. Hapana, anataka wakae waelewane, awe anampa kidogo kila mwezi, angalau ile ya saa nane asizime.

Mama watoto hasemi na mie. Anataka kujua mle ndani kulikuwa na nini, na yule binti alinishikia mkono kwa lipi. La kwanza nimeapa, la pili nimemweleza mara tatu anaitikia mh. Chai nimejichemshia mwenyewe kwenye mkaa.

Na mpwa kapandisha video. Dakika kumi na moja nyeusi tii, picha hamna, sauti yangu tu inauliza hamna dada. Mpaka naandika hapa inasambaa mpaka kwenye grupu la msikitini. Nimefungua maoni, la kwanza kabisa mtu kaandika, hii wameiediti.

Bando alilopandishia ni langu.