Nyumba ya Mapumziko Isiyo na Shangazi

Huku Bristol, Uingereza, ninakoishi, mtu akikwambia anakwenda shamba mwisho wa wiki, ujue anakwenda kukaa kimya. Kule Somerset, nje kidogo ya mji mdogo wa Bruton, kuna shamba la zamani ambalo wauza sanaa Hauser & Wirth waliligeuza kituo cha sanaa mwaka 2014. Mabanda ya mifugo sasa ni kumbi za maonyesho, nyuma kuna bustani kubwa iliyopangwa na Mholanzi Piet Oudolf, na ile nyumba ya mwenye shamba wanalala wageni. Kuingia kuona maonyesho ni bure. Napapenda, sitaki unafiki.

Sasa ndugu zetu Dar nao wanataka nyumba za mapumziko zenye sanaa za namna hiyo, Kisarawe, Kigamboni, Bagamoyo. Nawaunga mkono. Ila michoro wanayonitumia WhatsApp ni ile ile: vijumba vya watu wawili wawili, bei za kitalii, na kibao cha kuomba utulivu.

Utulivu huo ni wa nani? Mimi huku ukimya ninao wa kumwaga. Jumapili nzima inapita hakuna aliyepiga hodi. Nikipanda ndege kuja Dar nafuata kelele. Na Mbongo akisema anakwenda kupumzika, maana yake Coaster imekodiwa, shangazi amepakata sufuria la pilau, watoto wanagombea dirisha, na mjomba kabla hajashuka ameshauliza nyama inachomwa wapi. Msafara huo ukifika kwenye vijumba vile, hauvuki geti.

Mazingira yenyewe hatuna haja ya kuyatengeneza. Pugu na Kazimzumbwi ni msitu wa asili wa pwani, ukishaipita Gongolamboto hujafika mbali umeuona, na kuna mapango yaliyoachwa na wachimba udongo mweupe wa kaolini, popo kibao. Watu wangapi wa Sinza wamewahi kukanyaga kule?

Kwenye sanaa ndiko ninakokasirika zaidi. Nililala kwenye nyumba moja ya aina hiyo (siitaji), mapokezi wameweka kinyago cha mpingo kirefu kunizidi, familia nzima imepandana mabegani, na ubavuni fundi kaacha ukanda wa ule mti mweupe wa nje ili weusi wa ndani uonekane vizuri. Nikauliza, nani kachonga? "Kimetoka soko la vinyago, Mwenge." Sawa, lakini nani? "Wamakonde." Basi, ikaishia hapo. Kule Somerset hata kipande cha chuma kilichopinda kina kadi yenye jina la aliyekipinda.

Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, mwaka 1968 akaanza kuchora Dar kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya masonite. Alifariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, wapo wanaochora kwa mtindo wake. Kaa na mmoja wao asubuhi moja: anapaka rangi ya nyuma, anaanika juani, anarudi na mnyama, kisha zile nukta, moja moja, huku anapiga soga na wewe. Huyo ndiye angekuwa mwenyeji wetu kule Kisarawe. Badala yake picha yake inanunuliwa kwa bei ya kubembelezana na kutundikwa juu ya kitanda cha mtalii.

Najua jibu: wenye fedha ni wageni wa nje. Wenye kutaka ukimya wapewe upande wao, siku za katikati ya wiki, hakuna ugomvi. Lakini wa nje ni pamoja na sisi tunaoshuka Desemba na watoto wasiomjua hata mchonga vinyago mmoja. Na wa mjini wapo. Kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni wamefungua milango tangu 2008, na watu wanakwenda.

Kwa hiyo mwenye kiwanja anayenisoma: bei za mfuko wa Mbongo, jiko la kutosha masufuria ya wageni, vyumba viwili vya wasanii kuishi na kufanya kazi kwa malipo, na jina la fundi kwenye kila kazi. Jiko la nyama choma liwe mbali na karakana, moshi usigande kwenye rangi mbichi. Katazo hilo moja hata mjomba atalikubali.