Intani wa uhandisi analipwa kwa kazi anayofanya, au analipwa ili asiende kwa jirani?

Msimu wa mafunzo kwa vitendo ukikaribia mjadala unakua ule ule. Wanafunzi wawili wa darasa moja, maksi zao zinakaribiana, mmoja kapata ofa ya hela ambayo hata injinia aliyeajiriwa angeitolea macho, mwenzake kaambiwa atapewa nauli na chakula cha mchana, na watu wanaanza kukagua sivii zao mstari kwa mstari kutafuta kosa liko wapi. Mi naona wanakagua karatasi isiyohusika. Malipo ya intani yanaamuliwa zaidi na kile kampuni inachokitaka kwake baadaye kuliko kile anachokijua leo, na ukishalielewa hilo mambo mengi yanayoonekana ya ajabu yanaanza kukaa sawa.

Chukua kampuni kubwa za softwea. Intani anakuja kwa wiki 10 au 12, za mwanzo anahangaika na akaunti na ruhusa za kuingia kwenye mifumo, za mwisho anaandaa presentesheni, hapo katikati ndo anaandika kodi, yani maelekezo ya programu za kompyuta, ambayo mara nyingi akiondoka inabaki imekaa tu hakuna anayeigusa. Kampuni inalijua hilo vizuri sana na bado inalipa, inaongeza na hela ya nyumba na tiketi ya ndege juu. Kwanini? Kwasababu haimlipi kwa ile kodi, inalipia usaili wa miezi mitatu. Usaili wa saa moja unadanganyika, lakini mtu uliyekaa naye kiangazi kizima unajua akikwama anafanyaje, akikosolewa ananuna au anarekebisha, na ukimpenda unampa ofa kabla hajamaliza chuo washindani wako hawajapata hata namba yake. Ile hela inatoka kwenye mfuko wa kuajiri, wenyewe wanaiona ya kawaida kabisa.

Ubaya wa mfuko wa kuajiri ni kwamba ndo wa kwanza kufungwa mambo yakienda kombo. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikua zaidi ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya dola 30, na wanafunzi wa uhandisi wa petroli waliokua wanagombaniwa wakajikuta wanaandika barua za maombi zisizojibiwa. Akili zao zilikua zile zile, masomo yale yale. Kampuni za teknolojia nazo kuanzia mwishoni mwa 2022 zilipunguza maelfu ya wafanyakazi, na kama unaondoa watu wenye uzoefu huwezi kuwa na haraka ya kulea wapya. Kwahiyo mtu akikuambia malipo makubwa ni ushahidi wa kipaji, muulize kipaji kilienda wapi bei ya pipa iliposhuka.

Afu kuna hili la fani, watu wanalichanganya sana. Utasikia eti petroli na softwea wanalipwa vizuri, ujenzi na mazingira wanalipwa kidogo, kana kwamba digrii ndo inayolipa. Kinacholipa ni sekta. Mwanafunzi wa mitambo akienda kwenye kampuni ya kuchimba mafuta na mwenzake wa mitambo akienda kwenye ofisi ndogo inayochora mifumo ya viyoyozi, wamesoma thermodainamiki ile ile kwa mwalimu yule yule ila malipo yao hayafanani hata kidogo. Kwenye mafuta kila mfanyakazi anahusika na uzalishaji wa hela nyingi mno, mshahara wa intani ni vumbi tu kwenye hesabu zao. Ile ofisi ndogo inapata kazi kwa tenda, imeshashusha bei ili ishinde, faida ni nyembamba, ikimlipa intani vizuri inaumia kweli na sio uchoyo.

Hapo ndo wenye ofisi wanapokua na hoja, na ni hoja nzito tusiwaonee. Injinia mwandamizi anayemsimamia intani anaacha kazi yake. Anaeleza kitu, anasubiri, anakagua, anakuta vipimo vimeandikwa kwa milimita mahali panapotakiwa mita, anarudia kueleza. Mwezi wa kwanza intani ni gharama tupu, na akishaanza kueleweka muda wake umeisha anarudi chuo. Mchoro akiukosea hawezi kubebeshwa lawama, anayesaini ni mwingine na leseni inayohatarishwa ni ya huyo mwingine. Ukiweka vyote hivyo kwenye mizani unaelewa kwanini mtu anasema namfundisha bure nayeye aridhike na nauli.

Sawa. Sasa tuifungue taimushiti, ile fomu ambayo kila mfanyakazi anaandika saa alizofanya kazi na kwa mradi gani.

Kwenye ofisi nyingi za ushauri wa kihandisi mteja anatozwa kwa saa, na kila anayegusa mradi ana bei yake, mkurugenzi bei ya juu, injinia bei ya kati, na chini kabisa kuna mstari umeandikwa fundi sanifu au msaidizi. Mara nyingi saa za intani zinaingia kwenye mstari huo. Kawaida bei anayotozwa mteja ni kama mara mbili mpaka tatu ya mshahara wa saa wa mfanyakazi, ili ifidie pango la ofisi, leseni za programu, bima na faida. Intani amekaa siku nzima anaandaa orodha ya nondo, anahesabu ngapi za milimita 12, ngapi za 16, zinakatwa urefu gani na kupindwa wapi, na jioni anaandika saa 8 chini ya namba ya mradi. Mteja atazilipia. Kama huyo intani analipwa nauli peke yake, basi ile hadithi ya namfundisha bure imeshavunjika, kwasababu kuna mtu analipia hayo mafunzo na hela inabaki ofisini. Kwangu mimi huu ndo mstari: saa ikitozwa kwa mteja, ilipwe kama saa ya kazi. Saa isiyotozwa, ya kukaa nyuma ya injinia ukiangalia anavyofanya, hiyo tunaweza kuijadili.

Sheria za nchi mbalimbali nazo zinahangaika na mstari huo huo, kila moja kaukata anavyoona. Marekani mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilisema cha kuangalia ni nani anayefaidika zaidi, mwanafunzi au mwajiri, na 2018 Wizara ya Kazi ikaupokea mtazamo huo ukiwa na vigezo 7, akifaidika zaidi mwajiri basi huyo ni mfanyakazi na anastahili kima cha chini na ovataimu. Ufaransa wao wameweka namba: mafunzo yakizidi miezi miwili lazima posho ilipwe, na mwaka 2025 kiwango cha chini kilikua yuro 4.35 kwa saa, yani kama theluthi na ushee ya kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida. Ujerumani tangu kima cha chini kianze 2015, aliyelazimishwa mafunzo na mtaala wa chuo hakimhusu, aliyeenda kwa hiari yake zaidi ya miezi mitatu kinamhusu. Uingereza nayo mafunzo yaliyo sehemu ya kozi ya chuo yasiyozidi mwaka hayadai kima cha chini.

Angalia hizo mbili za mwisho vizuri. Mwanafunzi ambaye chuo kimemwambia bila mafunzo huhitimu, huyo ndo sheria inamwacha nje, wakati huyo ndo hana nguvu ya kukataa kabisa. Anahitaji saini kwenye logibuku, lile daftari la mafunzo linalorudi chuo, na mwajiri anajua anaihitaji. Nia ya sheria naielewa, wanaogopa wakilazimisha malipo nafasi zitapungua na wanafunzi watashindwa kuhitimu, na hofu hiyo sio ya kijinga. Ila matokeo yake ni kwamba anayelazimishwa ndo wa bei rahisi.

Na malipo yenyewe yasomwe kwa saa, sio kwa mwezi, hapa wengi wanapigwa. Ofa inayosema 1,000 kwa mwezi, ya sarafu yoyote ile, kwa saa 160 za ofisini ni 6.25 kwa saa. Hiyo hiyo 1,000 kwenye saiti inayopiga kazi siku sita, saa kumi kwa siku, inakua kama 4 hivi, na bado hujatoa pango la chumba kwenye mji usioujua. Anayelipwa kwa saa Marekani akizidisha 40 kwa wiki anastahili mara moja na nusu, mwenye posho ya jumla akizidisha anapewa asante. Hela ya nyumba nayo kuna mahali inakatwa kodi kama mshahara, kwahiyo inayoandikwa kwenye barua sio unayoishika mkononi.

Unaweza kubageini? Kidogo. Kampuni kubwa zina viwango kwa mwaka wa masomo, wa mwaka wa tatu anamzidi wa pili, anayerudi mara ya pili anaongezwa, na afisa wa kuajiri hana mamlaka ya kusogeza zaidi ya tarehe ya kuanza au hela ya kuhamia. Ofisi ndogo ndo unaweza kuongea, na kinachosikilizwa pale ni kupunguza usimamizi: mtu anayefika anajua Revit, programu ya kuchora majengo, au anaandika Python, lugha ya kompyuta, ya kusafisha data bila kushikwa mkono anamwokolea injinia wiki mbili, na wiki mbili za injinia zina bei. Maksi zikishavuka kile kiwango wanachochujia, kuongeza pointi mbili hakubadilishi kitu.

Kuna mfumo mmoja ambao naona umekaribia kulimaliza hili bila kumuonea mtu. Mwaka 1906 Herman Schneider pale Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, alianzisha utaratibu wa mwanafunzi wa uhandisi kupishanisha darasa na kiwanda, na Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada tangu kilipoanza 1957 kimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Mwanafunzi anatoka kwenda kazini zaidi ya mara moja, kwa miezi kadhaa, analipwa, na kwa kawaida malipo yanapanda kadri mihula ya kazi inavyoongezeka. Muhula wa kwanza analipwa kidogo kwasababu kweli ni mzigo, hakuna anayebisha, wa nne anashika kazi ya mfanyakazi kamili na analipwa karibu sawa naye. Mwajiri anapata muda wa kurudisha alichowekeza. Kinachoshindikana kwingine ni ratiba tu, chuo kinachotoa wanafunzi wote kwa wiki nane zile zile za likizo kinawamwaga sokoni siku moja, wamejaa, wanagombania nafasi chache, afu tunashangaa bei imeshuka.