RAM mbovu: tufunge anwani ao tutupe mashini?

Kuna mwalimu wa hapa Himbi, mu Goma, alituletea laptop yake, RAM (memori ya kazi) ya GB 4 imechomelewa kwenye bodi, haitoki, na mashini inazimika ovyo katikati ya kazi. Nikaacha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikapita usiku mzima. Mistari myekundu ya makosa ilitoka kila raundi, lakini yote pahali pamoja, kuanzia anwani 0x5c3a0000 (namba ya pahali mu RAM) na majirani wake wachache. Asubuhi ndio mabishano ikaanza pa atelie.

Mimi nilisema tufunge. Mu Linux unaambia keneli, ule moyo wa sistemu, ikae mbali na ile anwani, unaandika memmap=64K$0x5c3a0000 mu mstari wa GRUB (programu inayowasha Linux), mashini ikiwaka ile KB 64 inahesabiwa Reserved, yaani imetengwa, na hakuna programu itaipewa.

Mwenzangu akakataa, na sababu anayo. RAM ikianza kufa haikuahidi kusimama hapo, na joto ya saa nane mchana si ya usiku. Tena kosa ya RAM haipigi kelele: fishe ya pointi za wanafunzi inatoka mu diski, inapita mu kurasa mbovu, biti moja inageuka, inarudi kuandikwa vile, mtoto amepoteza pointi zake na hakuna mtu anajua. Hiyo inaniuma kweli, siwezi kuibishia.

Lakini mashini ingine kutoka Gisenyi ni feza, na mwalimu hana leo. Kosa yake haikuhama raundi hata moja. Kwa hiyo mi naona tufunge, lakini kwa upana, MB 1 nzima kuanzia 0x5c300000, ku GB 4 hata hataisikia, kisha kila jioni akopie kazi yake ku kle USB na kila mwezi tupime tena. Mashini ya hesabu ya likelemba (kikundi cha kuchangishana feza) ao ya kituo cha afya, hapo niko upande wa mwenzangu kabisa, siifungi. Na kama RAM ni bareti (kipande cha kuchomeka) ya kutoka, nunua ingine tu, ila kwanza safisha meno yake na gome ya kufutia penseli, rudisha, pima tena. Usiifungie anwani halafu uhamishe bareti, juu anwani nayo inahama, utabaki unalinda pahali pazima.

Sasa ile alama ya $, ilinikulia masaa mawili. Ukiiandika wazi mu /etc/default/grub, faili ya mipangilio ya GRUB, inaliwa njiani, keneli inabaki na ukubwa bila anwani, inaelewa kwamba memori yote ya mashini ni MB 1, basi haiwaki. Niliweka \ tatu mbele ya $, nikafanya update-grub, ikapanda. Na kuwaka peke yake haitoshi, fungua /proc/iomem, orodha ya sehemu za memori, kama root (mwenye ruhusa zote) uone Reserved inaanzia pale pale 5c300000.