Acheni utani wa Babu ubaki

Wajomba waliniomba niandike maneno machache ya kumkumbuka Babu, yasomwe siku ya hitima kabla pilau haijapakuliwa. Nikaandika. Karatasi ikarudi imekatwakatwa. Yamebaki mwaka aliozaliwa Pangani, vyeo alivyoshika melini, vita alivyokwenda, idadi ya wajukuu, na kwamba alikuwa "mcha Mungu, mpole na mwenye busara". Uchaji Mungu sina ugomvi nao, Allah ndiye ajuaye. Lakini mpole? Mzee ambaye akimzomea shabiki wa timu ya mpira ya African Sports pale Ngamiani, Tanga, barabara ya nane, wanamsikia mpaka barabara ya kumi na mbili?

Hoja ya wajomba naielewa. Wanaona mambo ya kuchekesha yanampunguzia marehemu heshima. Mtu aliyekuwa injinia wa meli na askari wa vita ya Kagera anastahili kusomewa kwa uzito, vichekesho vibaki barazani kwenye kahawa na kashata. Mimi nasema wamekosea, na nasema hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe aliyoifanya.

Babu alipanda meli mwishoni mwa miaka ya sitini. Alianza kama oila, yule kijana anayezunguka na kopo la mafuta na tambara, anapapasa beringi moja moja kuona kama kuna iliyopata moto. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu vita ya Juni 1967, na haukufunguliwa tena hadi Juni 1975. Meli ya kutoka Ulaya kuja kwetu ililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, maelfu ya maili ya ziada, mawimbi ya kule kusini yakiirusha. Wazee wengine wangekusimulia habari hiyo kwa kusikitika. Babu alikuwa anasema, "Wamepigana Waarabu na Waisraeli, nikazungushwa Afrika nzima mimi Mzigua!"

Akapanda ngazi hadi akawa sekondi, yaani wa pili chini ya chifu injinia. Kwa desturi ya meli, zamu ya sekondi ni saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, halafu saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku. Chini kule joto linapita nyuzi 40 meli ikiwa kwenye bahari zetu hizi, na kelele haziruhusu mazungumzo, watu wanaelewana kwa ishara za mikono. Mafuta mazito yanayoendesha injini kubwa hayaendi yakiwa baridi. Lazima yachemshwe, yapite nyuzi 100 kabla ya kuingizwa kwenye silinda. Sasa fikiria bomba la mafuta ya namna hiyo limepata ufa mdogo, na yale mafuta yanarukia chuma chenye moto. Meli nyingi zimeungua hivyo.

Wa kwanza kuuona ufa ni nani? Ni oila, kijana wa cheo cha chini kabisa, pengine amechoka, pengine nati ameilegeza yeye mwenyewe. Akiwa anamwogopa bosi wake atanyamaza, atajaribu kuifunga kimyakimya, na habari itamfikia bosi moto ukiwa umeshawaka. Babu aliniambia hili waziwazi, na ni moja ya mara chache alizozungumza nami bila kutania: alikuwa anawachekesha vijana wake makusudi, ili siku wakiharibu kitu waje mbio kumwambia. Kijana akija na habari mbaya, Babu alianza kwa kumuuliza kama mama yake anajua anafanya kazi hii. Kijana anacheka, roho inatulia, anaeleza tatizo lote. Hapo tena wanakimbilia vavu wote wawili.

Huo nauita ufundi. Ukiukata kwenye wasifu wake umekata nusu ya uinjinia wake.

Na bisibisi je? Nani katika familia hii hakupimwa kwa ile bisibisi? Ilikuwa ndefu, mpini wa mbao umepauka, ncha imelika upande mmoja. Mafundi wa meli wanajua: ncha unaigusisha kwenye mwili wa injini, mpini unaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, na kelele zote za nje zinapungua, unasikia kilichomo ndani, beringi inayokwaruza au pampu inayomeza hewa. Babu alistaafu nayo. Akiisogeza kwenye friji ya Bibi alifumba macho, midomo inachezacheza, kidole cha mkono wa pili kinahesabu mapigo pajani, na sote tulikaa kimya mpaka atoe hukumu. Alipima bajaji za jirani, cherehani, hata spika ya harusi. Na mjukuu akija kulalamika tumbo, alilazwa mkekani, mpini ukawekwa kitovuni, Babu akasikiliza kwa uzito uleule, kisha akatangaza, "Injini nzima. Uji ndio umekata." Nusu ya mtaa ilikuwa inaleta vyombo vibovu kwake kwa ajili ya kusikia hukumu tu, maana redio zenyewe hazikupona siku zote.

Kuhusu vita wajomba wameandika mstari mmoja. Kwa hilo nawashukuru, kwani mwenyewe hakupenda sifa za vita. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Babu alikuwa nchi kavu, akisubiri meli nyingine. Alikuwa amepitia mgambo, akajiandikisha, wakamweka kwenye magari. Akisimulia hotuba ile alikuwa anaongeza la nne: "Na spana ninayo."

Vita ile, alisema, ilikuwa vita ya malori. Kutoka pwani hadi Kagera ni kuikata nchi nzima, na jeshi lilichukua hata magari ya raia. Yeye alipewa lori ambalo ubavuni lilikuwa bado na maandishi ya mwenyewe ya kuwasimanga mahasidi, akalisukuma katika tope la Kagera, akavuka nalo mto kwa daraja la muda kwa sababu lile la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Kampala ilipoanguka, Aprili 1979, Babu alikuwa chini ya uvungu wa gari, akasikia shangwe akadhani chakula kimefika. Sisi watoto tulitaka kujua kama aliua. Jibu lake halikubadilika: "Niliua injini mbili, na zote zilikuwa zetu."

Lakini mpaka ulikuwepo. Kuna wenzake waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa kule Muleba, na hao hakuwahi kuwafanyia mzaha hata siku moja. Ukitaja Kaboya alibadilisha mazungumzo, au alinyanyuka kwenda kutia udhu. Mtu asiyejua utani unaishia wapi ni mropokaji. Babu alijua.

Hapa nichepuke kidogo. Mji wetu unakumbuka mambo kwa namna ya ajabu. Mgeni akija Tanga atahadithiwa vita vya Novemba 1914, Waingereza na askari wao wa Kihindi walivyoteremka wengi mno wakashindwa na jeshi dogo la Wajerumani, na jinsi nyuki walivyowashambulia watu vitani. Atapelekwa Mapango ya Amboni, ataonyeshwa magofu ya Tongoni. Watu waliokaa chini ya sitaha miaka thelathini wakiendesha injini hawatajwi. Babu alipohangaika na karatasi za pensheni, ofisi hii inampeleka ile, na ile inamrudisha hii, alikuwa anatuambia tusilalamike sana. "Wale nyuki nao walipigana, na wao wamelipwa nini?"

Jambo lililomfurahisha sana uzeeni ni bandari. Maisha yake yote meli kubwa zilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakavutwa mpaka gatini, kupakua mara mbili kitu kilekile. Miaka hii kina kikachimbwa hadi mita 13 na meli zikaanza kufunga gatini. Alikwenda kuangalia amevaa kanzu ya Ijumaa. Akarudi akilalamika kwamba wamesubiri astaafu kwanza. Lawama kama hiyo alikuwa nayo moja tu nyingine: Coastal Union, timu yake ya mpira, ilipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 yeye alikuwa baharini, na hilo alikufa hajamsamehe aliyepanga safari.

Najua wapo masheikh wasioupenda utani wa msibani, na wana hoja zao. Sitaki kubishana nao hapa. Ila siku ya maziko kila aliyekuwepo aliona ni nani hasa aliyemuaga Babu kama alivyokuwa. Mtani wake, Mnyamwezi aliyekuja Tanga zamani kukata mkonge na asirudi tena kwao, alitokea akiwa amevaa ovaroli ya Babu, sijui Bibi alimpa saa ngapi. Akaziba njia mbele ya jeneza. Akachomoa bisibisi mfukoni, akagusisha ncha kwenye ubao, akaweka mpini sikioni, akafumba macho vilevile, midomo ikicheza vilevile. Akatikisa kichwa. "Hii imezimwa na Mwenyewe. Hapa hamna fundi."

Wanawake ndani walicheka na kulia kwa pamoja, na Bibi kicheko chake kilisikika kuliko vyote. Mjomba mkubwa alitazama chini amekunja uso, akamwomba kwa adabu atupishe, jua linapanda. Mtani akasema hapiti mtu mpaka deni la marehemu lilipwe. Mjomba akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu tano. Yule mzee akaipokea, akaigeuza, akaiangalia juani, kisha akamrudishia.

"Aliyekufa ni sekondi injinia," akasema. "Hii ni ya oila."