Kompyuta chakavu za maofisi ya Dodoma ziingie karakana, lakini zisipewe kila dhamana

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 haziruhusiwi kupanda hadi Windows 11, hata zile zinazowaka kila asubuhi bila kusumbua, kwa sababu toleo hilo linadai prosesa za karibuni pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Dodoma ni mji wa maofisi. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, wizara, taasisi na vyuo vimejaza kompyuta za mezani kwa maelfu. Nyingi zitaishia stoo, kisha kwenye mnada wa vifaa chakavu.

Ujio huohuo wa makao makuu umezipa kazi karakana za milango, makabati ya jikoni na mageti. Fundi wa Kizota au Chang'ombe anayechonga ua la mlango wa mninga kwa patasi sasa anashindana na mlango ulioletwa kutoka Dar es Salaam ukiwa umechongwa na mashine ya CNC, ile ambayo kompyuta ndiyo inayoongoza mwendo wa kisu. Ndiyo maana swali linarudi kila mara mafundi wanapokaa: kwa nini kompyuta hizi zinazouzwa kama vyuma chakavu zisiendeshe mashine zetu? Wapo wanaosema inawezekana kabisa, na wapo wanaosema ni kujitafutia hasara. Mimi niko upande wa wanaosema inawezekana, ila hoja za wapinzani zina uzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza, programu ipo na ni ya bure. LinuxCNC inatokana na mradi wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa kuwa ulikuwa mradi wa umma, msimbo wake ukaachwa wazi kwa kila mtu, na jumuiya ya mafundi na waandishi wa programu imeuendeleza hadi leo. Haihitaji leseni, haihitaji intaneti, na haikuombi nywila ya mtu aliyeko ng'ambo pale mashine inapogoma. Karakana nyingi zilizoanza mapema zilitegemea programu ya kulipia ya Mach3 juu ya Windows XP, mara nyingi nakala ya wizi. XP yenyewe iliachwa tangu Aprili 2014, na kompyuta ya namna hiyo ikichomekwa flashi ya mteja iliyopitia stationery tatu, virusi vinaingia na kazi ya siku nzima inakwama.

Pili, kompyuta nyingi za zamani zina kitu ambacho mpya kwa kawaida hazina: ile poti ya printa yenye pini 25. Pini 12 kati ya hizo hutoa ishara na 5 hupokea. Mota ya hatua, ambayo mafundi huiita stepa, inahitaji waya mbili tu za ishara kwenda kwenye draiva yake (kifaa kinachoilisha umeme), moja ya kusema "piga hatua" na nyingine ya kusema "upande gani". Mota tatu zinachukua pini sita. Zinabaki sita za kuwasha mota ya kukatia, pampu ya vumbi na mengineyo. Kwa mashine ya kuchonga mbao hiyo inatosha.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Stepa ya kawaida hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikiwekwa kugawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600, na kila moja inadai mpigo mmoja wa ishara kutoka kwenye kompyuta. Kama skrubu ya mwendo inasogea milimita 5 kwa mzunguko, kila milimita moja inadai mipigo 320. Ukitaka meza itembee mita 3 kwa dakika, yaani milimita 50 kwa sekunde, kompyuta inatakiwa kutoa mipigo 16,000 kila sekunde kwa mota moja, na nafasi kati ya mpigo na mpigo ni takribani mikrosekunde 62 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Kompyuta ikisita kidogo tu ili ishughulikie jambo lake lingine, mipigo inachelewa kisha inakuja kwa kishindo, na stepa inaruka hatua. Mashine haijui kwamba imeruka. Inaendelea kuchonga kwa imani yake yote, na mlango wa kabati unatoka na mchoro ambao nusu ya kushoto haikutani na nusu ya kulia.

Kwa hiyo ukubwa wa prosesa si kipimo. LinuxCNC huja na jaribio la ucheleweshaji, linalopima kompyuta inachelewa kiasi gani kutoa mpigo, na hilo ndilo linalopaswa kufanywa kabla hata ya kununua draiva. Unaliwasha, kisha unaitesa kompyuta kwa makusudi: cheza video, nakili faili kubwa, fungua na ufunge madirisha, iache hivyo kwa muda. Ucheleweshaji mkubwa kabisa ukibaki chini ya mikrosekunde 20, umepata mashine nzuri. Ukifika 30 hadi 50 bado unaweza kufanya kazi kwa mwendo wa wastani. Ukipita 100, kompyuta hiyo haifai kutoa mipigo kupitia poti ya printa, iwe na kumbukumbu kubwa kiasi gani. Kompyuta mbili za kampuni moja na mwaka mmoja zinaweza kutoa majibu tofauti. Laptopu huanguka mara nyingi kwenye jaribio hili kwa sababu ya mifumo yake ya kubana umeme. Na zile waya za kugeuza USB kuwa poti ya printa zimetengenezwa kwa ajili ya printa peke yake, kwa mipigo ya mota hazifai.

Wapinzani wana hoja gani? Wanaanza na vumbi. Dodoma ni kame, kiangazi chake ni kirefu na upepo haukomi. Kompyuta ya ofisini ilitengenezewa chumba chenye zulia, na feni yake inavuta hewa kutoka palepale. Vumbi la MDF, mbao za unga wa mti uliogandishwa, hujaza feni na kuipasha prosesa joto. La chuma ni baya zaidi kwa sababu linapitisha umeme: karakana inayopiga grinda jirani na kompyuta iliyo wazi inaiandalia shoti. Kabati lenye mlango na kichujio cha hewa linapunguza tatizo, lakini ni gharama, na asiyeihesabu anajidanganya kuhusu ubure wa kompyuta.

Kisha umeme. Wengi hufunga UPS, ile betri ya akiba, kwenye kompyuta na kudhani wamemaliza. Hapo wamezidisha hatari. Umeme ukikatika, mota zinasimama, lakini kompyuta iliyo kwenye UPS inaendelea kutoa mipigo kana kwamba meza inatembea. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, kisu kinaanza tena mahali pasipo pake. Dawa ipo na ni rahisi: rilei, yaani swichi inayovutwa na umeme, inayolishwa na umeme uleule wa mota, yenye mguso uliounganishwa kwenye moja ya zile pini tano za kupokea, ili programu isimame papo hapo umeme wa mota unapopotea. Nimeona karakana zenye UPS. Zenye rilei hiyo ni chache mno. Waya wa ethi nao unapuuzwa. Ardhi yetu ikikauka, nondo iliyozamishwa futi chache haishiki vizuri, na kelele za umeme za inveta ya mota ya kukatia zinaingia kwenye waya za ishara. Mashine ya plazma, inayokata chuma kwa cheche ya umeme, ndiyo balaa zaidi.

Usalama wa mtu nauweka peke yake kwa sababu hapa sina pande mbili. Kompyuta inapowaka, kabla programu haijashika usukani, pini za poti ya printa zinaweza kupanda au kushuka zenyewe. Kama mota ya kukatia imeunganishwa moja kwa moja na pini hizo, inaweza kuzunguka huku kijana ameweka mkono akibadilisha kisu. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota chenyewe, kwa kontakta (swichi kubwa ya umeme), bila kuiomba kompyuta ruhusa. Na bodi ya kati inayopokea waya za poti iwe ile inayosubiri ishara ya mfululizo kutoka kwenye programu, ambayo ikikoma, kila kitu kinazima. Asiyeweza kugharamia hivi viwili asifunge mashine, iwe ya kompyuta mpya au ya zamani.

Hoja ya wapinzani inayonisumbua kuliko zote ni ya binadamu. Mashine ya kujiundia karakanani hufungwa na kijana mmoja mwenye kipaji. Akipata ajira Mtumba, kwenye mji wa Serikali, au akihamia Mwanza, karakana inabaki na sanduku ambalo hakuna anayelielewa. Kidhibiti kilichonunuliwa kikiwa kamili, kile cha kushika mkononi chenye skrini ndogo, kinaweza kuendeshwa na yeyote baada ya mafunzo mafupi. Ni kweli. Lakini kikifa, hakitengenezeki hapa; kinaagizwa, na karakana inasubiri mzigo. Kompyuta ya mezani ikifa, mtaa mzima una mafundi wa kompyuta, na nyingine ya aina ileile iko mnadani. Mipangilio yote ya LinuxCNC ni mafaili machache ya maandishi yanayoingia kwenye flashi yoyote. Yanakiliwe, na diski ya pili iliyokwisha kuandaliwa iwekwe kwenye droo ya bosi. Karakana isiyofanya hivyo ndiyo inayokwama, na ingekwama hata na kidhibiti cha bei.

Kwa anayepata kompyuta iliyoshindwa jaribio, au isiyo na poti ya printa, ipo njia ya kati. Kadi kama za Mesa huunganishwa kwa waya wa mtandao na kutoa mipigo zenyewe, kompyuta ikibaki na kazi ya kusoma mchoro na kupanga njia, hivyo ucheleweshaji wa mikrosekunde 100 haudhuru tena. Kwa mashine ndogo kuna programu ya GRBL juu ya bodi ndogo ya Arduino Uno, yenye kikomo cha takribani mipigo 30,000 kwa sekunde, ingawa nayo hulishwa na kompyuta kupitia USB na kelele za plazma huikata mawasiliano. Kompyuta za zamani sana zenye prosesa za biti 32 nazo zina mwisho wake: Debian, mfumo wa Linux ambao LinuxCNC hukaa juu yake, katika toleo lake la 13 la Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha prosesa hizo. Kwa mashine isiyounganishwa na intaneti, toleo la 12 linatosha, ila sioni sababu ya kuanza leo na umri huo.

Ningeshauri hivi: karakana inayouza kwa mkataba wenye tarehe ya kukabidhi isiingie na kompyuta moja. Ichukue mbili zinazofanana, zote zipite jaribio. Anayejifunza, au mwenye mashine nzuri ya chuma ambayo elektroniki zake zimekufa, achukue hata leo. Tatizo linabaki kwenye mnada wenyewe. Fungu likiwa la kompyuta nyingi kwa pamoja, anayelimudu ni mnunuzi wa vyuma chakavu, na fundi wa Kizota anabaki nje. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, zote zipo hapahapa Dodoma. Zikipewa fungu moja kwa mwaka, diski zenye siri za ofisi zikiwa zimeshatolewa, vijana wao wanaweza kuzipima moja moja na kubandika majibu ya jaribio juu ya kila sanduku kabla halijauzwa kwa karakana kwa bei ya rejareja.